Vumbi Nyuma ya Mfuniko

Maisa akirudi shule, jambo la kwanza lilikuwa kufunga madirisha ya sebuleni. Mtaa wao wa Kinondoni haukuwa na lami, na bodaboda zilipita zikitimua vumbi mpaka mlangoni. Kisha alibonyeza rimoti, na kiyoyozi kilichotundikwa juu ya kochi kikaanza kupuliza. Mdogo wake Aiman, wa darasa la kwanza, alijilaza mkekani chini yake na kuchora magari. Mama yao, Bi Wahiba, alikuwa barazani kwenye cherehani, akiwashonea wateja madera.

Kusafisha machujio ya kiyoyozi ilikuwa kazi ya Maisa. Mama alimfundisha mwenyewe: kila baada ya wiki mbili afungue mfuniko, atoe vile vyavu viwili vinavyozuia vumbi, avioshe, avianike kivulini na kuvirudisha. Mwanzoni Maisa alifanya hivyo bila kukumbushwa. Baadaye wenzake wakawa wanamwita wakacheze rede, naye akaona kazi ile inamchelewesha. Akaanza kufuta mfuniko tu kwa kitambaa chenye maji, hadi unang'aa.

"Maisa, umesafisha kiyoyozi?" Mama aliuliza kutoka barazani.

"Tayari, mama!"

Mama aliendelea kushona. Miezi ikapita hivyo.

Alasiri moja yenye joto kali, tone la maji lilidondoka juu ya mchoro wa Aiman. Likafuata jingine. Maisa alitazama juu, akaona maji yakitiririka pembeni mwa kiyoyozi. Alileta beseni akalitega. Chumba hakikupoa, kwa hiyo alishusha nyuzi joto kwa rimoti hadi kumi na sita na kuongeza kasi ya upepo. Harufu ya kitu kilichovunda ikajaa sebuleni.

Aiman alikohoa. Alikuwa na pumu, na kukohoa kwake hakukuwa jambo geni. Lakini safari hii hakunyamaza. Aliinuka akakaa, mabega yakipanda na kushuka, na kifua kikatoa sauti kama ya filimbi.

"Dada... siwezi," alisema, maneno yakikatika.

Maisa alidhani ubaridi ungemsaidia. Alimvuta, akamsogeza karibu zaidi na upepo. Aiman akazidi kutweta. Maisa alipoona midomo ya mdogo wake inageuka rangi, alipiga ukelele.

"Mama! Mama, njoo! Aiman!"

Bi Wahiba aliingia mbio, pini za kushonea bado ziko mdomoni. Alizitema, akambeba mtoto hadi barazani, akamkalisha wima na kumpa dawa yake ya kuvuta. Jirani alisimamisha bajaji. Njia nzima ilisikika ile filimbi ya kifuani mwa Aiman.

Kwenye zahanati walimvalisha kinyago cha mvuke wa dawa. Pole pole mabega yakatulia. Daktari Apolinari aliondoa kifaa chake masikioni, akamgeukia mama.

"Amebanwa vibaya. Alikuwa wapi ilipoanza?"

"Ndani, daktari. Tumefunga madirisha, kiyoyozi kinawaka."

"Kinasafishwa?"

"Sana. Binti yangu huyu anaosha machujio kila baada ya wiki mbili. Hapo sina wasiwasi."

Daktari alikunja uso. "Basi si vumbi la ndani. Itabidi nimwongezee dawa nyingine, ya nguvu zaidi, huku tukitafuta sababu."

Maisa alimtazama Aiman nyuma ya kile kinyago. Ikiwa angenyamaza, mdogo wake angenyweshwa dawa ya kosa lisilo lake, kisha angerudishwa kulala chini ya upepo uleule.

"Siyaoshi," alisema.

Mama aligeuka. "Unasemaje?"

"Siyaoshi, mama. Niliacha zamani sana. Nafutaga nje tu." Machozi yalimtoka. "Nilikuwa nakudanganya."

Bi Wahiba alikaa kwenye benchi. Daktari akasema, "Umenisaidia, binti. Ile dawa ya nguvu tuiache kwanza. Kisafisheni, halafu mnirudishie mtoto nimwone."

Kesho yake alikuja fundi, dada mmoja anayeitwa Recho. Kabla ya yote alizima swichi ya ukutani. "Rimoti haitoshi," alimwambia Maisa. "Umeme uwe umekatika kabisa ndipo uguse." Alifungua mfuniko ule unaong'aa.

Recho, Maisa na Mama walirudi nyuma. Vyavu havikuonekana. Palikuwa na blanketi la vumbi la kijivu, nene na lenye unyevunyevu, na ndani zaidi ukungu mweusi ulikuwa umetambaa hadi kwenye feni. Bomba la kutolea maji lilikuwa limezibwa na uchafu kama tope.

"Yaani haya ndiyo mwanangu alikuwa anavuta?" Mama alisema kwa sauti ya chini.

Maisa alitaka kukimbia. Badala yake alipokea vile vyavu, akavipeleka uani kwenye bomba. Maji yalitoka meusi, yakatoka tena meusi, hadi yakawa safi, naye akavianika kivulini. Recho alisafisha feni na kuzibua bomba. Kisha alieleza kwamba nyuzi ishirini na tano zinatosha, na kwamba asubuhi madirisha yafunguliwe, nyumba ipate hewa mpya.

Fundi alipoondoka, Maisa alimfuata mama yake barazani.

"Nisamehe, mama."

Bi Wahiba alimshika mkono, akamkalisha kando yake.

"Kuchoshwa na kazi ni jambo la kawaida, Maisa. Hata mie nachoka. Ungesema umechoka, ningeosha mwenyewe. Lakini ulisema umeosha, na mie nikikuamini naacha kuangalia. Uongo wako ulinifumba macho, na mtoto akaumia mbele yangu huku sioni." Alimfuta machozi kwa pindo la khanga. "Jana zahanati uliona haya, ukasema hivyohivyo. Hapo ndipo ulipomsaidia mdogo wako. Sasa twende tukavirudishe vile vyavu. Vimekauka."