Mwavuli wa Majina Kumi na Moja

Mzee Doi, fundi wa magombo ya karatasi, alifungua kisanduku cha mbao, akachungulia ndani. Kisha akakiinamisha ili kila mtu aone. Ndani mlikuwa na kalenda ya mwaka jana, imeviringishwa vizuri.

"Gombo liko wapi?" akauliza.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, siku tatu kabla ya sherehe ya miaka themanini tangu wanawake wa Japani wapige kura mara ya kwanza. Makumbusho yetu madogo ya Minasaki yalikuwa yameibiwa kitu pekee ambacho watu hupanda treni kuja kukitazama.

Mwaka 1927 wanawake kumi na mmoja wa mji huu waliandika barua ya kudai kura. Majina yao waliyaandika kwa mduara, kama njiti za mwavuli, ili polisi wasijue nani kaanza. Ndivyo wakulima wa kwetu walivyofanya tangu enzi za mababu. Mmoja wa wanawake hao, mchoraji Kuni, akachora mwavuli wenyewe kwa wino; barua hiyo ndiyo gombo letu. Polisi wakampata kiongozi hata hivyo. Oki, muuza tofu, alilala rumande siku ishirini na tisa, akatoka anakohoa damu, na waume wa wengi wao wakafukuzwa kazi. Mji mzima ukasema Oki ndiye aliyeropoka kwa polisi, akawaponza wenzake.

Mkaguzi wa polisi, Bi Okabayashi Tae, alifika saa nne akiwa na Sajini Nishimori, mzee aliyebakiza miezi sita astaafu na asiyechoka kuwakumbusha watu. Kitasa cha stoo kilikuwa kizima. Dirisha lilikuwa zima. Ukiacha za Mzee Doi, alama za vidole kwenye kisanduku zilikuwa za watu wawili, na ni hao hao wawili waliokuwa na funguo.

Wa kwanza alikuwa Bi Masu, mkurugenzi, mjukuu wa mchoraji Kuni. Umri miaka sabini na minane. Watoto wote wa shule za hapa amewahadithia habari za bibi yake, na mimi nilikuwa mmoja wao.

"Gombo uliliona lini mara ya mwisho?" Mkaguzi akamuuliza.

"Juzi, Jumanne jioni. Nililitandaza mezani, nikalikagua lote, nikalirudisha. Nikamwachia Sue afunge."

"Mna ugomvi, wewe na Sue?"

"Mimi sina. Yeye ndiye anataka bibi yake atajwe kabla ya bibi yangu. Lakini mwanangu, mimi sipendi kumsema mtu."

"Umeshamsema."

"Si umeniuliza?"

Wa pili alikuwa huyo Sue, mjukuu wa Oki, aliyekuwa akijitolea pale siku nne kwa wiki. Miaka sitini na sita, mikono mipana ya mtu aliyepaa samaki sokoni tangu usichana.

"Jumanne ulifunga wewe?"

"Mimi."

"Gombo uliliona?"

"Niliona kisanduku. Sikukifungua."

"Wiki iliyopita ulisema utalichana."

"Nilisema, ndiyo. Nilisema kama hawatamtaja bibi yangu kuwa ndiye aliyeanzisha, basi nitalichana. Nilikuwa na hasira. Andika hilo, na hasira nayo uiandike."

"Alama zako zimejaa kwenye kisanduku."

"Nakifuta vumbi kila wiki. Ulitaka ziwe za nani, za meya?"

Sajini akacheka. Mkaguzi akamkata jicho.

Sue akashusha sauti. "Afande, miaka karibu mia tunaitwa wasaliti. Mjukuu wangu ameanza kazi benki wiki hii, na huko pia wanajua ni wa ukoo gani. Ukinitoa hapa na pingu, yule mtoto atafukuzwa kabla hajapata mshahara wa kwanza. Sikuiba. Sina namna nyingine ya kukwambia."

Kufika saa sita habari ilikuwa imeenea. Nakiri kwa aibu, tulishamhukumu. Kwenye duka la tambi watu walitafuna huku wakisema ukoo ule ni ule ule, na mimi nilitikisa kichwa kukubali.

"Tumchukue," Sajini akasema walipokuwa varandani. "Ufunguo anao. Sababu anayo. Na mdomo anao."

"Mdomo hata wewe unao, na sijakukamata."

Mkaguzi akamfuata Mzee Doi, aliyekuwa amekaa pembeni na chai yake imepoa.

"Mzee, hapa ulikuja kufanya nini leo?"

"Kulichukua gombo nikalitengeneze. Karatasi ya mgongoni imeoza. Naibandua, nabandika mpya. Nilitakiwa nije Jumanne, ila mvua ilinyesha kutwa. Masu mwenyewe alinipigia simu asubuhi akasema nisije mpaka ikatike."

"Si una gari?"

Mzee akamtazama kwa huruma. "Mama, gari linahusu nini? Gombo halifunguliwi siku ya mvua. Karatasi inanyonya unyevu, gundi inaachia, picha inaharibika moja kwa moja."

"Hata ndani, milango imefungwa?"

"Hata ndani. Mimi na Masu tulifundishwa na mwalimu mmoja. Ukigusa kisanduku mvua ikinyesha, alikuwa anakuchapa vidole kwa rula."

Mkaguzi akageuka. Akaenda stoo, akashusha daftari la zamu lililoning'inia kwenye msumari, akafunua ukurasa wa Jumanne. Alipomaliza kusoma, akaagiza Bi Masu na Sue waitwe chumba kimoja.

"Bi Masu, Jumanne jioni ulilitandaza gombo mezani?"

"Nilishasema."

"Huu mwandiko wa nani?"

Bi Masu akalitazama daftari. "Wangu."

"Nisomee."

"Sina miwani."

"Ipo kichwani kwako."

Akaishusha miwani taratibu. "Mvua tangu alfajiri. Visanduku visifunguliwe."

"Umefungua magombo miaka hamsini. Mvua ile hukuiona?"

Bi Masu akalifunga daftari.

"Doi alitakiwa kuja Jumanne, kwa hiyo ulilichukua Jumatatu; siku hiyo makumbusho hufungwa, na anayeingia ni wewe peke yako," Mkaguzi akaendelea. "Ungesema liliibwa Jumatatu, ningekushika wewe. Kwa hiyo wizi ukausogeza mpaka siku ambayo Sue alifunga. Daftari linaonyesha unalikagua kila Jumanne, ulimi ukakimbilia mazoea, ukasahau mvua. Liko wapi?"

Bi Masu akavua miwani. "Nyumbani. Kwenye kabati la matandiko. Nimeliwekea kafuri lisiliwe na nondo."

"Kwa nini hukulichoma?"

"Niliwasha kiberiti mara mbili. Ni mkono wa bibi yangu. Hakuna kazi yake nyingine iliyobaki duniani."

"Na kwa nini uliliiba?"

"Doi angebandua karatasi ya mgongoni." Alisema akitazama sakafu, si Sue. "Chini yake, nyuma ya jina la Oki, kuna maneno mawili. *Ndiye huyu.* Mwandiko wa Kuni. Mkuu wa polisi alimtishia babu kumfukuza ualimu. Bibi akaipeleka barua polisi, akatia alama, akarudishiwa. Kisha akaziba kwa karatasi mpya. Aliniambia mwaka aliofariki. Alinishika mkono akaniomba nisimwambie mtu."

"Mwaka gani huo?" Sue akauliza.

"Themanini na tano."

"Miaka arobaini na moja, Dada Masu."

"Niliogopa. Nilishawaambia watoto wengi mno."

Sajini akachomoa pingu, Mkaguzi akamwashiria angoje.

Sue alikuwa analia bila kujifuta. "Mama yangu kila mwisho wa mwaka alitwanga mchele akatengeneza mochi, keki za mchele. Kisha nyumba kumi, mlango kwa mlango. Anapiga magoti barazani, kipaji cha uso kinagusa sakafu, anaomba radhi kwa ajili ya mdomo wa mama yake. Mimi nilikuwa nabeba kikapu. Wengine walikuwa hawatufungulii."

"Najua."

"Kwenu alikuja mpaka mwaka tisini na nane. Goti lilikuwa limeshakufa, nilimshika kwapa kupanda ngazi zenu. Wewe ulifungua mlango."

"Najua, Sue."

"Ukapokea."

"Nilipokea."

"Zile mochi, mlizila?"

Bi Masu akashuka kitini, akapiga magoti, akaweka kipaji sakafuni.

"Tulizila," akasema.