Ndiyo ya Maren

Kila asubuhi, wanafunzi wa Mwalimu Barela waliacha Kiingereza mlangoni mwa darasa la Kihispania. Ndiyo iliyokuwa sheria. Maren Tolliver, msichana wa miaka kumi na miwili, nyumbani kwao, katika mji wa Las Cruces huko Marekani, walizungumza Kiingereza tu. Kwa hiyo alijitafutia dawa: akiulizwa lolote, alitabasamu na kujibu, "Ndiyo!"

Jumatano mwalimu alieleza kazi ya nyumbani. "Mmeelewa?"

"Ndiyo!" Maren aliwawahi wenzake.

"Maren, Ijumaa utatangulia wewe mbele ya wazazi?"

"Ndiyo, mwalimu!"

Ximena, aliyekaa naye dawati moja na aliyelelewa kwa Kihispania nyumbani, aliziba mdomo asicheke. Walipotoka, Maren alimvuta mkono.

"Nimekubali nini?"

"Wewe tena! Kutangulia kusoma kazi yako Ijumaa."

"Kazi gani?"

"Muulize mwalimu. Mdomo si unao?"

Maren aliingiwa na hofu. Baba yake alikuwa ameshaomba ruhusa kazini ili aje kumsikiliza. Aliwaza kusingizia tumbo, kisha akajionea haya. Tumbo halikuwa na kosa lolote. Mkosaji alikuwa mdomo. Basi jioni ile alifanya mazoezi ya kuuliza mbele ya kioo mpaka mdogo wake akamwona amechanganyikiwa.

Alhamisi, kabla kitabu hakijafunguliwa, alinyoosha mkono. Kwa Kihispania cha kuchechemea akasema, "Mwalimu, jana nilisema ndiyo, lakini sikuelewa. Kazi yetu ni ipi?"

"Kumbe mjuaji wetu hajui!" mvulana mmoja alicheka nyuma.

Maren hakuketi. "Tafadhali, sema polepole."

Mwalimu alirudia: kila mmoja aeleze chakula kimoja kinavyopikwa kwao. Maren aliuliza neno hili, akauliza na lile. Yule mvulana aliyecheka pia alikuwa akiandika mbio mbio.

Ijumaa Maren alieleza jinsi baba yake anavyochoma pilipili za kijani. Alikwama katikati, akamwuliza mwalimu neno mbele ya watu wote, akaendelea. Baba hakuambulia kitu, lakini alipiga makofi kuwashinda wote.

Baadaye mwalimu alimwita kando. "Maren, hiyo 'ndiyo' yako ilinidanganya. Nilidhani umeelewa, nikakupita bila kukueleza. Anayeficha asichojua hujinyima msaada mwenyewe. Umenielewa?"

Maren alifikiri kwanza.

"Nusu, mwalimu. Naomba urudie."