Kababu za Dengu za Muuza Nyama

Kila siku nikitoka shule napitia bucha la baba kabla ya kwenda nyumbani. Siendi kuomba kitu. Naenda kwa sababu saa hizo nyumbani hakuna mtu, na mimi siwezi kukaa peke yangu nikatulia. Kusema kweli, hata nikiwa na watu situlii. Nikikaa, mguu unatikisika. Nikisimama, vidole vinagonga meza. Ndiyo maana nyumbani wananiita Cheche, na jina langu la daftarini limebaki kuwa la mwalimu tu.

Bucha letu ni chumba kimoja chenye vigae vyeupe na feni inayolalamika. Mashine ya kusagia nyama haiko nyuma kama kwenye mabucha mengine. Baba ameiweka juu ya kaunta, mdomo wake ukiwatazama wateja. Mtu akitaka nyama ya kusaga, baba humwonyesha kipande, hukikata mwenyewe akiona, hukisaga akiona, ndipo humfungia. Hasagi mapema hata foleni iwe ndefu kiasi gani.

"Baba, kwa nini usisage sinia zima asubuhi, tukapumua?" nilimuuliza siku moja foleni ilipofika mlangoni.

"Nyama ikishasagwa haina sura, Cheche," alisema bila kuinua kichwa. "Mteja hajui kama ni paja, ni mafuta matupu au ni mabaki ya juzi. Mimi sitaki abahatishe. Aone mwenyewe."

Niliona ni kupoteza muda tu. Nikahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule.

Kisha baba akaanza kuchechemea. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilivimba kikawa chekundu, na hata shuka likikigusa alikunja uso. Daktari alisema ni jongo, ugonjwa wa viungo. Akampa dawa na kumwambia aache nyama nyekundu.

"Kumwambia muuza nyama asile nyama," baba alilalamika, "ni sawa na kumwambia fundi cherehani avae gunia."

Mama, ambaye ndiye fundi cherehani mwenyewe, hakucheka. Alikuwa amemwona akipanda ngazi za nyumba yetu akishika ukuta kwa mikono miwili. Mimi pia nilimwona. Kazi ya bucha haifanywi mtu akiwa amekaa. Mguu ule usipopona, baba asingeweza kusimama kazini, na baba bila kazi yake simjui ni nani.

Shangazi, dada yake baba, ni mpishi wa hospitali. Alikuja siku ya pili na karatasi iliyokunjwa mara nne. "Kaka, kula kababu za dengu," alisema. "Zina umbo lilelile, zina viungo vilevile, unazitia kwenye mchuzi wa nyanya. Hutajua tofauti."

"Nitajua," alisema baba.

Wakabishana mpaka wakakubaliana: wiki mbili. Dawa na dengu, bila nyama hata kipande. Mguu usipopata nafuu, baba atarudi kula anavyotaka na hakuna wa kumsumbua. Mama hutoka kazini saa kumi na mbili jioni, akiwa hoi, kwa hiyo ikabaki swali la nani atapika.

"Mimi!" nilisema kabla mtu hajamaliza kuuliza.

Karatasi ya shangazi ilikuwa na mistari mingi kuliko nilivyopenda. Chemsha dengu ziive lakini zisirojeke. Chuja. Zitandaze kwenye sinia zikauke. Ponda, uchanganye na kitunguu, saumu, karoti iliyokunwa na chenga za mkate mkavu. Acha mchanganyiko upumzike kwenye friji nusu saa. Viringa. Kaanga.

Zikauke? Upumzike? Mimi mwenyewe sipumziki, dengu ni nani? Nikazitoa motoni, nikazichuja haraka, nikazitia kwenye bakuli zikiwa bado zinafuka. Kisha nikafanya jambo ambalo mtoto wa muuza nyama pekee angelifanya: nikazikanda kama nyama. Baba alinifundisha tangu nikiwa na miaka minane kwamba nyama ya kusaga ukiitia chumvi na maji baridi, ukaikanda kwa nguvu, inanata na kushikana. Basi nikatia chumvi, nikatia maji baridi, nikakanda kwa nguvu zangu zote. Dengu zikawa uji. Nikaongeza chenga za mkate, nikaviringa hivyohivyo, nikatumbukiza kwenye mafuta. Kababu ya kwanza ilifumuka kabla sijaweka ya tatu. Sufuria ikabaki na ukorogo mweusi unaotoa povu.

Nilitazama saa. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu, na baba angefika wakati wowote. Nikazunguka jiko mara tatu. Nikafungua friji bila kujua natafuta nini, na pale, kwenye bakuli lenye kifuniko, palikuwa na nyama ya kusaga ambayo mama aliiweka kwa ajili yangu na yake. Nikachota konzi moja. Konzi moja tu, nilijiambia. Nikaikanda pamoja na dengu zilizobaki. Zikashikana pale pale.

Baba alikula kababu sita. Alilamba mchuzi kwenye kijiko, akaegemea kiti. "Hizi dengu zina roho," alisema. "Mwanangu, kumbe una mikono ya dhahabu!"

Nilipaswa kusema wakati ule. Neno lilifika kooni. Lakini baba alikuwa anacheka, na ilikuwa mara ya kwanza acheke tangu mguu uanze, nikalimeza.

Siku ya pili nilisema nitafuata karatasi. Nikachelewa kutoka shule, nikachota konzi moja na nusu. Siku ya tatu, konzi mbili. Kufikia siku ya nne sikuwa hata nasoma ile karatasi. Nilikuwa natazama mlango tu. Kila kishindo cha ngazini kilinishtua. Nilianza kula nimesimama. Darasani mwalimu aliniuliza kama nimekalia siafu.

Siku ya tano mama alifungua friji, akalitikisa lile bakuli.

"Baba Cheche," aliita, "hii nyama inapungua. Umeanza wizi nyumbani kwako mwenyewe?"

"Mimi?" Baba alishtuka. "Sijaigusa. Nakula dengu mimi, muulize mpishi."

"Najua unavyopenda nyama."

"Nimesema sijaigusa!"

Mama hakubishana tena, lakini alimtazama baba kwa jicho ambalo sijawahi kumwona akimtazama nalo. Baba akanigeukia mimi nimtetee. Nami nilikuwa nafuta meza iliyokwisha kufutwa, nafuta na kufuta, na sikusema neno. Hilo lilinichoma kuliko yote. Baba yangu, anayesaga mbele ya mteja, anaitwa mwizi kwa sababu yangu, na mimi nafuta meza!

Jumamosi asubuhi niliamshwa na sauti yake. Hakuwa anaita mtu, alikuwa anaguna. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, buti moja mkononi. Kidole kilikuwa kimevimba kuliko mwanzo, kinang'aa. Alijaribu kuingiza mguu kwenye buti, jasho likamtoka, akaliacha likaanguka. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, bucha halikufunguliwa siku ya Jumamosi.

Mama akampigia simu shangazi, naye akaja mbio na mkoba wake wa kazini.

"Karatasi yako ndiyo imenifikisha hapa," baba alimwambia hata hajamsalimia. "Dengu zako na daktari wako, basi! Leo nakula nyama. Kama ni kuumwa, niumwe nimeshiba."

"Lakini kaka, haiwezekani. Dawa unakunywa?"

"Nakunywa. Kila siku."

"Na nyama huli kabisa?"

Baba akamtazama mama. "Muulize huyo. Yeye anasema naiba."

Shangazi alikaa kwenye kiti, ameshika kipaji cha uso. "Basi sielewi," alisema polepole. "Inabidi turudi kwa daktari, pengine abadilishe dawa. Pengine ni ugonjwa mwingine kabisa."

Dawa nyingine. Ugonjwa mwingine. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na niliona jinsi jambo dogo la konzi moja lilivyokuwa linakimbia mbele yangu na sitaweza tena kulikamata. Nikapiga moyo konde.

"Ni mimi," nilisema.

Wote watatu wakanigeukia.

"Nyama ni mimi. Nimeitia kwenye kababu. Kila siku. Dengu zilifumuka, nikaogopa, nikatia konzi moja, halafu ukasema zina roho, baba, nikashindwa kuacha. Baba hajaiba kitu. Hajui kitu. Ni mimi."

Nilidhani baba atapiga kelele. Ningefurahi kama angepiga kelele. Aliinama tu, akaokota lile buti, akaliweka vizuri kando ya mwenzake.

Mama ndiye aliyesema kwanza. "Nisamehe, mume wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikushuku bure."

"Usijali," alisema baba. Kisha akanitazama. "Uliyeniacha nishukiwe ni wewe, Cheche. Ulikuwa pale pale unafuta meza."

Nililia, sina la kuficha. Nililia nimesimama, maana hata kukaa sikuweza. Shangazi akanivuta, akanikalisha kando yake.

"Sikiliza," aliniambia. "Hatuwezi kusema nyama yako pekee ndiyo iliyovimbisha mguu. Ugonjwa huu una visa vyake, daktari ataangalia. Lakini angalia ulipotufikisha: tulikuwa tunataka kubadilisha dawa ambayo hata haijapewa nafasi. Hospitalini, nikiandika kwamba sahani haina chumvi, ni lazima isiwe na chumvi. Daktari anatibu kwa kile alichoambiwa mgonjwa amekula."

Baba alikuwa anatafuta fimbo ya kuegemea. "Nipeni mkono," alisema. "Nipelekeni jikoni."

"Kufanya nini na mguu huo?" mama aliuliza.

"Mpishi ana deni la kababu."

Tukamsaidia. Alikaa kwenye kigoda karibu na meza, mguu mbaya juu ya mto. Shangazi akaitandaza ile karatasi mbele yangu. Nikazipima dengu, nikazichemsha, na mara hii nikazichuja kwa utulivu mpaka tone la mwisho. Nikazitandaza kwenye sinia. Baba hakuondoa macho. Nilipofikia kuponda, mkono wangu ulienda wenyewe kwenye jagi la maji.

"Ah-ah," alisema baba. "Unafanya nini?"

"Nakanda. Kama ulivyonifundisha."

Akatazama jagi, akatazama dengu, na nikaona pembe ya mdomo wake inacheza. "Ulizitia maji? Dengu?" Akacheka, akashika mguu kwa maumivu, akacheka tena. "Mwanangu, hiyo ni akili ya bucha. Dengu zimekwisha kunywa maji kwenye sufuria. Ungeniuliza!"

Ungeniuliza. Neno rahisi kama hilo, na mimi kwa siku tano nilikuwa nimelizunguka.

Nusu saa ya friji ilikuwa ndefu kuliko kipindi cha hesabu. Nilikalia mikono yangu ili isicheze. Ndipo baba akasema, bila ukali wowote:

"Kuharibu chakula si kosa, Cheche. Mimi nimeharibu ng'ombe mzima nilipokuwa mwanafunzi wa kazi hii. Kosa ni kuficha. Ukificha mara moja, kesho inabidi ufiche zaidi, na anayekuamini ndiye anayeumia, wala hajui anaumia kwa nini. Nikisaga mbele ya mteja siyo kwamba mimi ni mwema sana. Nikisaga nyuma, siku moja nitachoka, au nitaogopa kama ulivyoogopa wewe, nitachanganya. Kwa hiyo nimejiwekea macho ya watu. Kuanzia leo na wewe utapika mtu akiona, mpaka uweze kupika vilevile mtu asipoona."

Nikaviringa kababu tisa, kubwa kama ndimu. Saba zilitoka nzima. Mbili zilipasuka ubavuni, nikataka kuzitoa haraka kabla hazijaonekana, kisha nikakumbuka, nikaziweka juu kabisa ya sahani. Baba akachukua iliyopasuka, akaitafuna taratibu.

"Si tamu kama zile," nilisema.

"Si tamu kama zile," alikubali. Akachukua ya pili. "Lakini hizi najua ninakula nini."

Daktari hakubadilisha dawa. Aliandika kila kitu nilichomweleza, maana baba alitaka nikaeleze mwenyewe, na tukaanza kuhesabu wiki mbili upya. Siku ya kumi na moja baba alivaa buti zote mbili. Siku ya kumi na mbili alifungua bucha, na mimi nilikuwa wa kwanza kwenye foleni ingawa sikutaka kununua kitu.

Sasa baba anaweza kukaa sebuleni na kungoja chakula kama watu wengine. Lakini nikianza kuponda dengu, nasikia kigoda chake kinaburutwa sakafuni.

"Mteja kafika," husema.

Nami husogeza bakuli mpaka ukingoni mwa meza, aone.