Bei ya Gemu Isiyofunguliwa

Barabara ya Kumi na Mbili yote, pale Ngamiani, hakuna aliyenishinda kufunga pakiti za ubuyu. Kila siku nikirudi shule niliketi barazani na mama yangu, Bi Chiku. Yeye alitia ubuyu kwenye vifuko vya nailoni, mimi nikakunja mdomo wa kifuko, nikaupitisha kwenye mwali wa mshumaa na kuubana kwa vidole. Wenzangu walichoma nailoni hadi ikatoboka. Zangu zilitoka zimenyooka kama za kiwandani. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na majivuno ya kuwatosha watu wawili.

Mama alitamani friji. Huo ulikuwa mwaka 1994. Maduka yaliyokuwa matupu nilipokuwa mdogo sasa yalijaa vitu, ila mifuko yetu haikujaa. Dukani kwa Mzee Maulid kulikuwa na friji kuukuu la shilingi elfu themanini. "Ningelipata lile," mama alizoea kusema, "ningeuza barafu hapahapa nyumbani, nikaacha kuungua jua sokoni." Alilisema jambo hilo mara nyingi mpaka nami nikalitamani friji kuliko yeye.

Mimi nilikuwa na gemu ya mbio za magari. Baba mdogo Hamad, aliyekuwa baharia, aliniletea kutoka Japani. Kwa miaka sita niliicheza kwenye televisheni yetu ndogo, nikawashinda watoto wote wa mtaani, wakubwa kwa wadogo. Halafu siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu na kuunguza mtambo wa kuchezea. Ikabaki kaseti ya gemu yenyewe, ndani ya boksi lake pamoja na kijitabu chake, kwa sababu mama hatupi kitu.

Ijumaa moja, mama akiwa sokoni, alikuja Mjomba Uweso, mdogo wake mama, mwenye banda la kuonyesha video.

"Tuhfa, ile gemu yako ipo?" aliuliza hata kabla sijamaliza shikamoo. "Kuna mama kaja kutoka Nairobi, anaitwa Praxeda. Ananunua gemu za zamani, anawauzia wakusanyaji wa Ulaya. Kaseti tupu, elfu tatu. Ikiwa na boksi na kijitabu, elfu ishirini. Ikiwa haijafunguliwa kabisa, elfu themanini!"

"Ambayo haijachezwa ndiyo ghali?" nilishangaa. "Sasa gemu ni ya nini kama haichezwi?"

"Wenyewe wanaiweka kabatini, wanaitazama."

Niliona huo ni wehu mtupu. Lakini elfu themanini ilikuwa bei ya friji, na mjomba alikuwa akivitazama vidole vyangu.

"Yako imefunguliwa," alisema polepole. "Ila mpwa wangu ana mikono."

Sitamsingizia mtu. Mjomba aliniomba tu, hakunilazimisha. Alileta nailoni laini iliyofungiwa shati jipya, nami nikawasha mshumaa. Nililivisha boksi nailoni ile, nikaiunga kingo zote nne, na nilipomaliza hukuona mshono. Wallahi nilijisifu. Mama tulimwambia tu kwamba mgeni atakuja kutazama gemu.

Praxeda alifika kesho yake asubuhi, akakaribishwa barazani. Mama aliingia jikoni kumtengenezea chai. Mgeni alitoa miwani, akaligeuza boksi huku na huku, na uso wake ukachangamka.

"Nzuri mno," alisema, akafungua mkoba na kutoa noti. "Lakini mniwie radhi kuuliza. Mwaka jana niliuziwa iliyofungwa upya, na mimi sikujua. Mteja wangu akanirudishia, akawaambia wenzake kwamba mimi ni mwizi. Miezi mitano sikuuza kitu. Hii mnanihakikishia?"

"Wallahi haijafunguliwa tangu itoke Japani," mjomba akaapa. "Kama huniamini mie, muulize mwenye mali. Mtoto hasemi uongo."

Praxeda akanigeukia. "Haya mwanangu, ni kweli?"

Niliziona zile noti mkononi mwake, nikaliona friji, nikamwona mama amekaa kivulini. Halafu nikamwona mama huyu mwingine, ambaye angeitwa mwizi kwa ajili ya vidole vyangu.

"Si kweli, anti," nilisema. "Nimeicheza miaka sita. Nailoni nimeifunga mimi, jana, kwa mshumaa."

"Funga mdomo!" mjomba alinguruma. "Mtoto hamkatizi mkubwa mbele ya mgeni!"

"Umesema niulizwe, mjomba. Nimeulizwa."

Praxeda alirudisha noti mkobani. Mama akatoka na sinia la chai, akatukuta tumesimama wote.

"Mwanao kalipoteza friji lako!" mjomba akamshitakia. "Elfu themanini ilikuwa mkononi!"

Nilimweleza mama yote, tangu nailoni ya shati mpaka kiapo. Sikulia. "Ukitaka kunipiga nipige," nilimaliza, "lakini mie uongo huu siurudii."

Mama aliweka sinia chini. "Tuwie radhi, dada yangu," alimwambia mgeni. "Kitu chenyewe ndicho hiki, kimechezwa. Ukikitaka, sema bei yake ya haki. Hukitaki, kunywa chai, uende salama."

Praxeda aliichana nailoni. Kona moja ya boksi ilikuwa imejikunja na kuwa ya kahawia kwa joto la mshumaa wangu.

"Jana ningetoa elfu ishirini," alisema. "Leo ni kumi na mbili, kwa sababu ya hii kona."

Niliona aibu iliyonifika mpaka masikioni. Kumbe ile kazi niliyojisifu nayo ndiyo iliyotutia hasara.

Tuliuza kwa elfu kumi na mbili. Mama alinunua deli kuukuu la kuwekea barafu, akawa anauza sharubati baridi ya ubuyu palepale barazani. Friji la Mzee Maulid lilinunuliwa na mtu mwingine.

Mjomba Uweso alitususa wiki nzima. Aliporudi, alikataa kuketi. "Dada, mtoto huyu aniombe radhi. Kaniaibisha."

"Shikamoo, mjomba," nilisema. "Kwa kukujibu kwa ukali, nakuomba radhi. Kwa kusema kweli, siombi."

Mjomba akamtazama mama, akingoja anitandike kofi. Mama alimimina sharubati kwenye bilauri, akampa.

"Kunywa, Uweso. Nawe Tuhfa, nisikilize. Kosa ulilifanya, na hasara yake tumeilipa sote. Lakini ulilikiri mapema, kabla halijamwumiza mtu asiye na hatia. Mkubwa akikutuma jambo jema, nenda mbio. Akikutuma kudanganya, mkatalie, tena kwa adabu. Mkatalie hata awe mjomba wako. Hata niwe mie mama yako."

Mjomba alikunywa bilauri nzima bila kuinua macho, kisha akaketi.