Mzigo Uliopita Bila Kuchomwa

Walikutana sokoni, watu wamejaa pomoni, lori la taka lililojaa kabichi zilizooza limeziba njia na dereva wake amekaa juu ya bodi kama mwenye soko.

"Kabichi zako zimelowa chapachapa," binti mmoja alimwambia. "Langoni hazipiti."

"Dada, tangu lini kabichi zikakaguliwa?"

"Tangu niajiriwe."

Kumbe ndiye mkaguzi wa kiwanda kinachochoma taka za mji kupata umeme. Dereva alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Binti alijitia kununa, lakini wapi, moyo ulishamponyoka.

Wakapendana, jamani. Kila jioni simu.

"Mpenzi, bado unanuka taka?"

"Nanuka, na unanipenda hivyo hivyo."

Kazini, kila mzigo binti aliuchoma fimbo ya chuma. Ikitoka na maji, lori linarudi. Lori la mpenzi wake tu ndilo alilolipungia mkono likapita. Mvua zikaja. Siku moja taka mbichi za lori hilo zikalipoza tanuri, mitambo ikazima, nusu ya mji ikakosa umeme. Wakaitwa ofisini. Binti, ndani ya ovaroli lake la bluu, hata hajafungua mdomo, dereva akamtangulia.

"Nilimdanganya, bosi. Niliweka maboksi makavu juu, mbichi chini. Hata mapenzi yenyewe yalikuwa ya kupitia lango."

Dereva alifukuzwa palepale. Binti alibaki na kazi, na donda la moyo. Simu za dereva hakupokea hata moja.

Mwaka ukapita. Mpakiaji wa lori lile akamkuta langoni.

"Shemeji, maboksi gani? Turubai lilitoboka, maji yakaingia, hata yeye hakujua. Alijua ungefukuzwa wewe, na mama yako ni mgonjwa, anakutegemea."

Binti aliiweka fimbo chini. Akampigia dereva simu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilipiga kila siku."

"Rudi, mpenzi. Nimekosa. Nakupenda."

Dereva akamjibu: "Nimeshaposa."

"Unampenda?"

"Ananipokelea simu."

Binti alimtakia heri, akakata simu. Kisha akaketi kwenye kibanda cha lango, akalia bila kujificha, na foleni nzima ya malori ikangoja bila mtu kupiga honi.