Mchezo wa Nyumbani kwa Kidoti

"Haya, leo zamu ya nani?"

"Yangu," akasema Kidoti, kang'ang'ania goti la mama yake.

Ana miaka mitatu kasoro, na jina hilo amelipata kwa kidoti chake cha shavuni. Kwenye darasa lile la muziki na mwendo, kila Jumamosi mtoto mmoja huleta mchezo wa nyumbani kwao. Anauonyesha, mwalimu anakuwa wa kwanza kuuiga, kisha duara zima linafuata, wazazi na watoto, wote chini kwenye mkeka bila viatu. Sheria hiyo sikuitunga mimi. Hata darasa halikuwa langu. Mwenzangu alikuwa amejifungua, nikamshikia ukumbi wake kwa miezi mitatu.

Kidoti akasimama katikati. Akajipiga kifua mara mbili, akajivuta sikio la kushoto, akapuliza kiganja chake, kisha akakibandika kwenye paji la uso la mama yake.

"Mwalimu, fanya," akaniamuru.

Mchezo ule nilikuwa naujua. Kwa miaka miwili mwanaume mmoja alikuwa akinifanyia mlangoni kwangu kila alipoondoka kwenda kazini. Aliniapia kwamba ameubuni kwa ajili yangu mimi peke yangu, kwa sababu eti situlii. Zilikuwa zimebaki wiki tatu tufunge ndoa.

Nikaufanya. Kifua, kifua, sikio, puliza. Duara zima likanifuata, watu wazima na akili zao wakipapasana mapaji ya uso na kucheka. Nilingoja moyo unishtuke. Haukushtuka. Nilijisikia ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

"Vizuri sana, Kidoti," nikasema. "Sasa kila mtu achukue manyanga yake."

Darasa lilipoisha niliwasha wimbo wa kwaheri kwenye spika, nikamfuata Mama Kidoti aliyekuwa akitafuta kiatu cha pili cha mwanawe.

"Mchezo wenu mzuri, dada. Mmeutoa wapi?"

"Kwa baba yake huyo. Anafunga lifti kwenye magorofa, wiki yupo, wiki hayupo. Akiondoka bila kumfanyia hivyo, mtoto hanyamazi."

"Mna muda mrefu?"

"Kwenye ndoa? Huu mwaka wa tano. Vipi, unatafuta siri ya kudumu?" Akacheka. "Nasikia na wewe unaolewa. Hongera, mdogo wangu."

"Asante, dada."

"Na leo utamwona. Karudi jana, anakuja kutuchukua."

Nikaenda kwenye kabati la ngoma, nikatoa simu. Ujumbe wa asubuhi wa mchumba wangu ulikuwepo: "Malkia wangu, kazi imekwama, kamba za lifti hazijafika. Niombee. Narudi Ijumaa."

Nilikuwa nimemwambia mara mbili kwamba Jumamosi nafundisha ukumbi huu. Mara zote mbili alijibu, "Sawa, mpenzi." Huyo ndiye Fundi wangu. Ukimweleza mambo yako anatikisa kichwa tu bila kusikiliza, hata kwenye simu.

Nikampigia.

"Malkia," akapokea.

"Uko wapi?"

"Si nipo saiti. Hapa ni kelele tupu."

Kelele zenyewe nilizisikia. Ulikuwa wimbo wetu wa kwaheri. Ulitoka kwenye spika yangu, ukapita kwenye simu yake na kunirudia sikioni umechelewa kidogo. Kisha mlango wa ukumbi ukafunguliwa.

"Baba!"

Kidoti alimkimbilia na kiatu kimoja mguuni. Fundi akamdaka kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa umeshika simu, na simu ilikuwa bado sikioni.

"Baba Kidoti, mwalimu wetu wa muda ndiye huyu," mkewe akasema.

Fundi akaishusha simu, akamweka mtoto chini, akanipa mkono.

"Habari yako, Mwalimu."

"Nzuri."

Ningeweza kuishia hapo. Niliona vizuri mambo yatakavyokwenda: angeondoka na familia yake, jioni angenipigia huku analia, na mimi ningebaki kutunza siri mbele ya mwanamke anayeniita mdogo wake. Sikuwa na hasira. Hata wivu sikuuona. Nilichoka tu, kwa ghafla.

"Dada," nikasema, "mchumba wangu ndiye huyu. Tunaoana tarehe ishirini na sita."

"Mwalimu anatania," Fundi akasema haraka.

Mama Kidoti alikuwa anatazama mkononi mwa mumewe.

"Simu yako bado iko hewani," akamwambia. Akaichukua, akaiweka sikioni, akanigeukia. "Sema kitu."

Nikainua yangu.

"Nipo, dada."

Akanisikia mara mbili, ukumbini na simuni. Akasoma kioo cha simu ya mumewe.

"Umemwandika jina la Mhandisi Mkuu."

"Mke wangu, twende tukaongee nyumbani."

"Nipe funguo za gari."

"Nisikilize kwanza."

"Funguo."

Akazitoa.

"Wewe rudi kwa miguu. Utapata nafasi ya kutunga uongo mwingine."

Akampachika Kidoti kiunoni, akatoka. Kiatu cha pili hatukukiona. Fundi akanigeukia, akafungua mdomo, nami nikamwonyesha mlango, maana saa tano kulikuwa na darasa la watoto wachanga na mama wawili walikuwa wameshafika. Nililifundisha lote. Hakuna aliyegundua kitu.

Mchana nikampigia mama.

"Mama, harusi hakuna."

"Mwanangu, unaumwa?"

"Hapana. Fundi ana mke na mtoto."

Nikasikia anavuta kiti.

"Lia basi, mwanangu. Lia nikusikie."

"Siwezi, mama. Sisikii maumivu popote, na hilo ndilo linanitisha."

"Nakuja," akasema.

Fundi naye aliniandikia siku nzima. Ujumbe wa mwisho ulisema: "Yule niliozeshwa na wazazi. Wewe ndiye niliyekuchagua mwenyewe. Usituvunjie harusi yetu." Nikamjibu mara moja tu: "Harusi hakuna. Nguo zako ziko kwa mlinzi." Kisha nikamfungia namba. Nilizikunja nguo hizo vizuri, mashati juu, suruali chini, kama mtu anayefanya kazi ya kuajiriwa. Mama alikuwa amekaa kitandani, ananitazama.

Alhamisi ukaja ujumbe wa namba nyingine.

"Mdogo wangu, mimi nimehamia kwa dada yangu. Mtoto analilia ngoma. Jumamosi tuje, au itakuwia vigumu?"

Nikauandika ukweli: "Sijui, dada." Nikaufuta.

"Njooni," nikatuma.

Wakaja, wamechelewa kidogo. Mama Kidoti alikuwa amevimba macho. Tukasalimiana kwa kushikana mikono. Aliuchelewesha mkono wangu ndani ya wake, kisha akaenda kukaa kwenye duara.

Tukaimba, tukaruka, tukatembea kama tembo. Kabla ya kwaheri tukafika kwenye wimbo wa mawingu, ambao mwishoni kila mzazi humnyanyua mtoto wake juu kabisa. Wote wakanyanyuliwa. Kidoti peke yake alibaki chini, mikono juu, anangoja. Mama yake alijaribu kumshika, akamwachia, akainamisha kichwa.

"Siwezi, mdogo wangu," akaninong'oneza. "Leo siwezi."

Nikaliacha duara, nikapiga magoti mbele yao. Mtoto akanikumbatia shingo, nami nikasimama naye, nikamnyanyua juu. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Alinitazama kutoka juu akicheka, na masikio yake yalikuwa ya baba yake, yote mawili.

Hapo ndipo iliponiuma. Ilianzia mikononi, ikapanda mabegani, ikaja kukaa kifuani, na machozi yakanitoka mbele ya duara zima. Mama Kidoti akasimama, akanishika kiuno mtoto asije akatuponyoka.

"Imba," akaniambia. "Bado ubeti mmoja."

Nikaimba.