Kiu Katika Nyumba ya Dobi

Sogeeni karibu, ndugu zangu, na wenye wake wajawazito nyumbani wasogee zaidi. Habari hii ni ya mtu ambaye kila mtaa unaye: mume mwema, mchapakazi, asiyelewa wala kumwinulia mkewe mkono. Msiba aliouingiza nyumbani mwake aliuingiza kwa wema, na ndiyo maana nawasimulia.

Kwa kazi yake aliitwa Dobi, na mwishowe hata mama yake mzazi alimwita hivyo. Sasa ni mzee wa mvi na magoti yanayolia, lakini mtajie chumba cha mbele cha ujana wake uone uso wake unavyolainika. Kilikuwa na dirisha pana, meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, kamba mbili za kutundikia nguo, na harufu ya wanga na mkaa. Yeye alifua uani, kwenye mabeseni matatu. Mkewe alipiga pasi ndani. Pasi ilikuwa ya mkaa, nzito, na yule binti aliishika kama anashika kijiko. Wateja walimwita Bibi Pasi, wakasema suruali aliyoinyoosha yeye unaweza kukatia mkate kwa mkunjo wake. Asubuhi aliimba kwa sauti ya chini, Dobi akisikiliza na mikono yake imezama kwenye povu. Anasema hajapata tena furaha ya namna ile, na mimi namwamini.

Mwaka wa pili wa ndoa, utumbo wa Bibi Pasi ukaharibika. Madaktari walimpasua, wakakata sehemu iliyooza, na ncha iliyobaki wakaitoa nje kupitia ngozi ya tumbo, upande wa kulia wa kitovu. Hospitalini wanaiita stoma. Tangu hapo choo chake kilipita pale na kuingia kwenye mfuko uliobandikwa juu ya ngozi. Muuguzi akamkalisha Dobi akamfundisha kukata tundu la kibandiko lienee stoma, kusafisha ngozi kwa maji matupu, na kumwaga mfuko kabla haujajaa. Jambo moja akalirudia mara tatu.

"Huyu maji yanamtoka upesi kuliko mimi na wewe. Asingoje kiu. Anywe kutwa, na maji mengine muyatie chumvi na sukari kama nilivyokuonyesha."

Dobi akalishika neno hilo kama sala. Msije mkasema hakujua.

Na alikuwa mume kwelikweli. Alimshonea mkewe vifuniko vya mfuko kwa mashati ambayo wenyewe hawakurudi kuyachukua, kimoja cha drafti nyekundu, cha karani mmoja aliyehama mji.

"Karani alikuwa ananuna shati lake likichelewa," Bibi Pasi alisema. "Leo angeona limepewa kazi gani."

Wakacheka mpaka mshono ukamuuma. Stoma yenyewe wakaipa jina, Mgeni. Mgeni kaamka. Mgeni leo ana hasira, umempa nini? Dobi hakukosa la kuongeza: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wetu huyu jembe hataki hata kuliona."

Hayo yalikuwa ya chumbani. Nje ya mlango, wateja na majirani, na mama yake Dobi aliyekaa mbali, wote waliambiwa Bibi Pasi amepasuliwa kidole tumbo. Uongo huo ulitungwa na Dobi peke yake, bila kumwuliza mkewe. Alimpenda, akaona aibu kwa niaba yake kabla mwenyewe hajaamua kama kuna la kuonea aibu. Wengi wetu tungefanya vivyo hivyo, tena tungejisifu kwamba tumemsitiri.

Miaka mitatu baadaye mimba ikaingia. Kliniki wakawatoa wasiwasi: mfuko haumzuii mtu kuzaa, mradi ale vizuri na anywe sana. Wakaandika kila kitu kwenye kadi. Tumbo lilipokua, stoma nayo ikatanuka, na Bibi Pasi hakuweza tena kuiona akiinama. Basi kila baada ya siku mbili tatu, mchana kazi ikipungua, Dobi alifunga mlango wa chumbani, akapiga magoti mbele ya mkewe, akabadilisha mfuko. Mara nyingine mtoto alipiga teke chini ya kiganja chake, naye akaacha mkasi akasubiri la pili. Ukimwuliza leo siku gani angependa irudi, atakutajia mojawapo ya hizo.

Mwezi wa saba wa mimba mama yake Dobi akaja kumtunza mkamwana wake. Alikuwa mama wa sauti kubwa na moyo mkubwa, asiyeweza kupita pembeni ya jambo. Siku aliyofika, Dobi aliichukua kadi ya kliniki akaifungia sandukuni. Mama akaweka kiti chake chumba cha mbele, kati ya meza ya pasi na mlango wa uani kulikokuwa na choo, na hapo akakaa kutwa akichambua mboga na kumsimulia mkamwana habari za ukoo.

"Mwanangu," alisema, "hii ni mara ya sita unapita hapa. Hicho choo kina nini?"

Na Dobi na mkewe walipotoka chumbani mchana, mama akasema, akiwa ameinamia ungo wake: "Watu wazima, jua limesimama, mnajifungia. Mtoto si mmeshampata?"

Alitania tu, maskini. Lakini Dobi aliona haya mpaka masikioni, akaanza kuahirisha kubadilisha mfuko. Bibi Pasi naye akaanza kupunguza anachokunywa. Chai nusu kikombe. Maji, funda moja la kulowesha ulimi. Asiponywa, mfuko haujai, na mfuko usipojaa, hapiti mbele ya kiti cha mama. Akasimama siku nzima mbele ya pasi ya mkaa, jasho linamtiririka, na kile kidogo alichokunywa kinaishia mfukoni. Midomo ikapasuka. Mama mkwe akasema ni mambo ya mimba, akampaka mafuta.

Jumapili, mama alipokwenda kusalimia jirani, Bibi Pasi aliweka pasi chini.

"Nataka nimwambie mama."

"Umwambie nini?"

"Kwamba nina Mgeni. Nikinywa lazima nitoke, nikitoka ananihesabu. Kichwa kinanizunguka, Dobi. Siwezi tena."

"Mama yangu namjua. Akilijua yeye leo, ukoo mzima utalijua kabla ya Ijumaa. Watakutazamaje?"

"Wanitazame vyovyote. Atakayetazamwa ni mimi au wewe?"

Dobi aligusa ukingo wa meza, akaugusa tena. "Vumilia, mke wangu. Ni wiki chache tu, atarudi kwake."

Neno hilo vumilia tumewatwisha wake zetu tangu zamani, na wao wamelibeba. Bibi Pasi akaokota pasi.

Jumanne ilikuwa siku ya mashuka ya nyumba ya wageni, marundo manne. Dobi alikuwa uani akikamua aliposikia harufu ya kitambaa kinachoungua, kisha sauti ya mama yake ikimwita kwa jina lake la utotoni, jina ambalo hakuwa ameitwa kwa miaka ishirini. Alikimbia na povu mpaka viwikoni. Pasi ilikuwa imetoboa shuka na blanketi. Mkewe alikuwa chini, macho nusu wazi, ngozi ya mkono wake ukiivuta inabaki imesimama.

Walimpeleka hospitali iliyo karibu, ambako hawakuwa wakimjua. Kadi ilibaki sandukuni. Mkunga wa zamu, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimshika mgonjwa mapigo na kuuliza bila kuinua macho.

"Amewahi kupasuliwa?"

"Kidole tumbo tu," mama yake Dobi akajibu haraka, kwa uhakika, kama mtu anayesaidia.

Mkunga akamgeukia mume. "Ni hivyo?"

Hapo ndipo Dobi alipokuwa na nafasi yake ya mwisho ya kusema kweli kwa hiari. Mama yake alikuwa amesimama begani kwake. Akaitikia kwa kichwa.

Mkunga akapandisha gauni, akakuta drafti nyekundu. Akaifunua, akatazama, akamtazama Dobi. Hakumgombeza. Aliita dripu, akaita mwenzake, akaanza kazi. Kisha akaweka kipimo cha kusikilizia mtoto juu ya tumbo, akakisogeza chini, akakisogeza kushoto, akakirudisha, na mikono yake ikazidi kwenda polepole.

Alipotoka nje kuzungumza nao alivua miwani.

"Mama tutampata," alisema. "Mtoto ameshaondoka. Na mfuko ule msiusingizie. Nimezalisha wanawake wenye mifuko kama ule, wakarudi nyumbani na watoto wao mikononi. Huyu amekauka maji kwa siku nyingi. Aliishi na nani huyu, hata asipate maji?"

Aliishi nao.

Mama yake Dobi alikaa kwenye benchi la korido muda mrefu, mikono mapajani. Aliposema, ile sauti kubwa ilikuwa imekwisha yote.

"Wewe ulipozaliwa ulikuwa na tumbo la kuhara mpaka ukatimiza mwaka. Nimekuosha kwa mikono hii, mchana na usiku, nikala kwa mikono hii hii. Ukadhani nitaogopa choo cha mkeo?"

Dobi alifungua mdomo.

"Nyamaza," mama alisema. "Nilikaa mlangoni nikimhesabia safari mwenye kiu. Umenifanya nimuue mjukuu wangu na mimi nacheka."

Mtoto alikuwa wa kiume. Dobi alimwosha mwenyewe, yeye aliyekuwa ameosha nguo za mji mzima, na hakuna mwenye haja ya kuelezwa ilikuwaje.

Bibi Pasi alirudi nyumbani baada ya wiki mbili. Hakumlaumu mumewe mbele ya watu. Mara moja tu, wakiwa wawili, alimwambia, "Mwili ulikuwa wangu, Dobi. Aibu ilikuwa yako. Kwa nini niibebe mimi?" Dobi alilia, na ndiye aliyebembelezwa, kama tulivyo wanaume.

Mama mkwe hakurudi kwake. Alikihamisha kiti chake akakiweka upande wa pili wa chumba, mbali na mlango, akajifunza kukata tundu la kibandiko kwa mkasi wa ushonaji, na baada ya mwezi akalikata vizuri kuliko mwanawe. Bibi Pasi naye akaanza kusema. Akamwambia mteja mmoja, mwalimu, aliyemwuliza juu ya kile kidole tumbo. Mwalimu akasema dada yake ana mfuko kama huo na hajatoka nje mwaka mzima. Wiki iliyofuata akaja naye. Wale wawili waliongea tangu asubuhi mpaka jua likahama dirishani, na mashuka hayakunyooshwa siku hiyo.

Mimba ya pili ilipoingia, ndugu zangu, nyumba ile ilikuwa raha kuitazama. Mama mkwe alinunua jagi la bati, akalijaza kila asubuhi, akajiteua askari wake.

"Kunywa."

"Mama, nimekunywa sasa hivi."

"Hayo yalikuwa ya kwako. Haya ya mjukuu."

"Mgeni atajaa."

"Ajae, tutammwaga. Choo si kipo? Au mnataka nikuchoreeni ramani?"

Wateja waliosubiri nguo zao wakacheka, na Bibi Pasi akacheka huku maji yanamtoka puani. Dobi alisikia yote kutoka uani, akanawa uso kwa maji ya beseni ili mtu asione machozi.

Alizaliwa msichana, kwa njia ya kawaida, analia kwa nguvu, mapafu ya bibi yake kabisa. Mkunga aliyempokea alikuwa yule yule mwenye miwani. Aliuliza kama mzazi amewahi kupasuliwa, na safari hii watu watatu walijibu kwa pamoja.

Miaka imekwenda. Mama yake Dobi ametangulia, chumba cha mbele kimekuwa duka la mtu mwingine, na pasi za umeme zimeingia kila nyumba. Bibi Pasi yupo, amenenepa, bado anaimba chini chini. Lakini mtu akimwuliza Dobi ana watoto wangapi, hujibu wawili. Na mwulizaji akitazama huku na huku akimwona mmoja, Dobi humweleza yote, bila kuficha sehemu yake, mbele ya yeyote aliyepo.

FUNZO

Mwenye stoma ni mtu mzima kamili. Hupenda, hufanya kazi, hubeba mimba, hulea. Alichokosa Bibi Pasi mara ya kwanza ni ruhusa ya kunywa maji ndani ya nyumba yake, na aliyemnyima ni mtu aliyempenda kuliko wote. Wazee walisema mficha uchi hazai, na sisi neno hilo hulisema kwenye harusi ili watu wacheke. Dobi hacheki akilisikia.

Siri ya mwili ni ya mwenye mwili. Akitaka iwe siri, itunze. Akitaka kuisema, usimwambie avumilie kwa sababu wewe unaogopa midomo ya ukoo. Mpeleke kliniki, kadi yake isifungiwe, na daktari akiuliza, jibu kweli hata mama yako akiwa amesimama begani. Midomo ya watu huchoka kusema baada ya mwezi. Dobi ameishi na kule kuitikia kwa kichwa miaka thelathini.